Ukuta Ulionyimwa Maji

Katika kijiji kimoja karibu na Mkunya, wilaya ya Newala, maji yalitunzwa kuliko nguo za sikukuu. Uwanda wa Makonde una udongo mwekundu mzuri. Una mikorosho, una mihogo, una upepo wa baridi wakati wa jioni. Mto ndio hauna. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini na kwenda kutokea chini kabisa, bondeni, na huko ndiko wanawake wa kijiji walikoyafuata kila siku. Kushuka ni kazi. Kupanda na debe kichwani ndiyo kazi yenyewe.

Cuthbert na mkewe Mabel walikuwa na binti mmoja mkubwa, jina lake Ida. Mabel alikuwa na mimba kubwa na miguu yake ilianza kuvimba, kwa hiyo Ida ndiye aliyeshuka bondeni. Aliondoka majogoo wakiwika. Alirudi jua limekwisha kuwa kali, akaenda shuleni na shingo inayouma. Kila alfajiri Cuthbert alimsikia akichukua debe. Alimwonea huruma sana, kisha akajigeuza upande wa pili akalala.

Nyumbani kwao maji yalikuwa na sheria. Watu wote wanawe uso kwa kata moja. Maji ya kuoshea mihogo yaoshee vyombo, na yaliyoosha vyombo wapewe mbuzi. Kuoga ndoo nzima lilikuwa jambo la kusikia tu kwa watu waliotembea.

"Siku moja nitaoga ndoo nzima," Ida alipenda kusema.

"Ndoo nzima? Kwani wewe ni gari?" mama yake alimjibu.

Siku hizo Waingereza walikuwa bado wanatawala, na shule za wasichana zilikuwa chache. Jumapili moja, baada ya ibada, mwalimu alisimama mbele ya mlango wa kanisa akatangaza kwamba Ida amepata nafasi katika shule ya bweni huko Masasi. Shule itafunguliwa baada ya Krismasi. Wanawake walipiga vigelegele. Cuthbert alirudi nyumbani kifua mbele, akiwasalimu njiani hata watu aliokuwa amewasalimu asubuhi.

Lakini palikuwa na mtu wa kuulizwa. Kwa desturi ya Wamakonde, mume huhamia kwa kina mke wake, na neno kubwa juu ya watoto ni la mjomba. Mjomba wa Ida alikuwa Cecil, kaka yake Mabel, mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache. Alikuja jioni ile ile, akakaa barazani, akanywa uji wake mpaka ukaisha.

"Nimefurahi," alisema. "Lakini shemeji, dada yangu anakaribia kujifungua. Ida akienda Masasi, nani atashuka bondeni?"

Cuthbert alikuwa na jibu. Alikuwa amelikalia kama kuku anavyokalia mayai.

"Nitajenga tangi," alisema. "Msimu uliopita korosho zilinipa bati, na bati hilo linamwaga maji bure kila masika. Nitachimba shimo kubwa hapa pembeni. Nitajengea mawe, nitapiga lipu ya simenti. Chini ya bati nitaweka mfereji. Mvua ikinyesha, maji yote yanaingia shimoni, na bondeni tunakusahau."

Cecil aliliweka bakuli la uji chini.

"Tangi likishika maji, Ida atakwenda. Lisiposhika, atabaki amsaidie mama yake. Sina neno jingine."

"Litashika," alisema Cuthbert, naye alikuwa na hakika kabisa.

Fundi alikuwa mtu wa Lindi, akifanyia kazi Newala mjini. Jina lake Shamte, mtu mwembamba, mwiko wake unang'aa, utani haumwishi mdomoni. Kazi ilichangamka. Cuthbert alichimba mpaka viganja vikachubuka. Vijana walileta mawe, Ida alileta maji ya kuchanganyia simenti, na jirani ambao hawakuleta kitu walileta mashauri. Siku lipu ya mwisho ilipopigwa, watu walishuka tangini mmoja mmoja kuupapasa ukuta, jinsi ulivyokuwa laini.

Kabla ya kupanda baiskeli yake kurudi Newala, Shamte alimvuta Cuthbert kando. Hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Baba Ida, kazi yangu imekwisha, yako ndiyo inaanza. Lipu hii inataka maji. Umwagie ukuta mzima asubuhi na jioni, wiki nzima, usiuache ukauke hata kidogo. Na uufunike kwa majani, jua lisiupige. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Ni kweli, alielewa. Kesho yake asubuhi Ida alirudi na debe lake, na Cuthbert akalichukua, akasimama nalo ukingoni mwa tangi. Aliyatazama maji. Akautazama ukuta. Maji yale yamepanda mlima mzima juu ya kichwa cha mtoto wake, sasa ayamwage juu ya mawe? "Fundi ni mtu wa pwani," alijiambia. "Kwao maji ni kitu cha kuchezea. Mambo ya huku hayajui." Akalirudisha debe jikoni. Jioni alijiambia kwamba ukuta umekwisha kuwa mgumu. Kesho yake alijiambia kwamba ukuta mkavu ndio ukuta imara, jambo linalojulikana na kila mtu. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kujiambia kitu.

Jua la Novemba lilifanya kazi yake. Lipu ilikauka ikawa nyeupe, na Cuthbert akamwita Cecil aje aone. "Tazama shemeji, hata unyevu hakuna," alisema kwa fahari.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana kutoka upande wa Ruvuma, upepo ukiitangulia. Ilipiga bati kwa kishindo hata watu hawakusikizana. Maji yalikimbia ndani ya mfereji, yakaanguka tangini kwa nguvu. Watoto wa jirani walikuja mbio, na mama zao nyuma yao. Ida alisimama katikati ya mvua akicheka peke yake. Mabel naye, pamoja na tumbo lake, alicheza kidogo pale barazani mpaka mumewe akamwomba akae. Mvua ilipokatika, Cuthbert alijitosa tangini na nguo zake zote. Maji yalimfika kiunoni. Cecil alikuja, akachungulia, akasema, "Naam," na kwa Cecil hiyo ilikuwa hotuba.

Asubuhi Ida ndiye aliyekwenda kuchungulia kwanza. Hakupiga kelele. Alimwita baba yake kwa sauti ndogo. Tangini palibaki tope, na juu ya tope chura mmoja. Ukuta ulikuwa umejaa nyufa, juu hadi chini.

Cuthbert alizitazama nyufa. Alijua. Wakati ule ule, amesimama pale pale, alijua kabisa kilichotokea. Lakini Mabel alipotoka na kuuliza, "Kumetokea nini?" mdomo wake ulimtangulia.

"Simenti," alisema. "Ilikuwa ya zamani, imelala mno dukani."

Hapo ndipo alipoonyesha kipaji chake. Wamakonde wengine huchonga vinyago, yeye alichonga visingizio. Jirani walipouliza, aliwaambia ardhi imetikiswa na malori, na barabara yenyewe ilikuwa mbali hata kuyasikia ni taabu. Watu wa kanisani aliwaambia yuko mtu aliyelitazama tangi kwa jicho baya, na waliotoka ibadani pamoja wakaanza kutazamana vibaya. Kisha akakipata kisingizio kizuri kuliko vyote, nacho ni Shamte, maana Shamte hakuwapo kujibu.

"Ameniibia simenti," Cuthbert alisema. "Amezidisha mchanga. Mimi nilimwona tangu mwanzo, macho yake hayatulii."

Kila aliposimulia, simenti iliyoibwa iliongezeka. Mwishowe yeye mwenyewe alianza kuamini, akawa anakasirika kwelikweli, hasira za mtu aliyeonewa. Maneno yakasafiri. Huko Kitangari palikuwa na watu waliokwisha kupatana na Shamte awajengee tangi. Walimpelekea habari kwamba asije. Cuthbert aliposikia, kitu kilimchoma ndani. Akasema, "Ndiyo, na wao wamemtambua," akabadilisha mazungumzo.

Cecil alikuja jioni. Safari hii hakutaka uji.

"Tangi halikushika," alisema. "Ida atabaki."

Ida alikuwa nyuma ya mlango. Jikoni maji yalikuwapo bado, lakini alichukua debe akaenda zake bondeni, na Mabel akaingia ndani kulia. Cuthbert alibaki barazani na visingizio vyake vyote, wala hakuwa na mtu wa kumpa hata kimoja.

Jirani yao wa karibu alikuwa Isabela, mama mtu mzima, mfinyanzi wa vyungu, ambaye watu walimwita Mama Basil. Kesho yake alikuja kuomba moto. Alipopita kwenye tangi alishuka ndani bila kumwuliza mtu, akaanza kupapasa nyufa kwa vidole vyake vya kazi.

"Shikamoo, Mama Basil," Cuthbert alisema kutoka juu.

"Marahaba. Baba Ida, ukuta huu nani aliunywesha?"

"Kuunywesha?"

"Maji. Nani aliumwagia maji?"

"Simenti yenyewe ilikuwa mbovu, mama. Tena malori—"

"Sikuuliza malori." Mama Basil alikwaruza lipu kwa ukucha, na unga ukamwagika. "Unaona? Mimi nikifinyanga chungu nikakiacha juani, kinapasuka. Nje kunakauka upesi, ndani kungali kubichi, kinajivuta, kinapasuka. Ndiyo maana nakifunika majani. Na simenti ni zaidi ya chungu. Watu hudhani inakuwa ngumu kwa kukauka. Sivyo. Inakuwa ngumu kwa kunywa maji. Inakunywa polepole, siku nyingi, na kila ikinywa inajishika. Ukiinyima maji kabla haijashiba, inaacha kujishika. Inabaki unga uliosimama."

"Nani aliyekufundisha hayo?"

"Shingo yangu. Nilipokuwa msichana Masasi, palijengwa tangi. Sisi wasichana tulibeba maji ya kuunywesha ukuta, asubuhi na jioni. Nililia. Nilisema hawa wana wazimu, wananywesha mawe na sisi tuna kiu. Nenda leo ukalitazame tangi lile. Halijapoteza tone." Alipanda juu, akajipangusa mikono. "Kwani Fundi hakukwambia?"

"Hakuniambia," alisema Cuthbert.

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mama Basil alipangusa unga wa lipu uliobaki kwenye ukucha.

"Basi Fundi amefanya kosa kubwa," alisema. Akachukua moto wake, akaenda.

Naye hakunyamaza, alikwenda moja kwa moja kwa Cecil. Cecil akamtumia Shamte habari aje Jumamosi, ajibu mbele ya watu. Usingizi wa Cuthbert ukapotea. Aliupanga uongo wake vizuri, akaupangua, akaupanga tena.

Jumamosi barazani walikaa Cecil, Mama Basil na wazee wachache. Mabel alikaa mkekani mlangoni. Shamte alifika na baiskeli, vumbi limemjaa, utani haupo.

"Fundi," alisema Cecil, "shemeji yangu anasema umepunja simenti. Anasema pia hukumwambia habari ya kuumwagia ukuta maji. Kama huna jibu, upande huu hutajenga tena."

Shamte hakubishana. Alimgeukia Cuthbert.

"Baba Ida, siku ile nilikuvuta kando tukazungumza. Tulikuwa wawili tu. Mimi sina shahidi mwingine, shahidi wangu ni wewe. Nilikwambia nini?"

Cuthbert alifungua kinywa. Kisingizio kipya kilikuwa tayari, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchonga: kwamba Fundi husema upesi upesi kama watu wa pwani, na kwamba siku ile palikuwa na upepo. Wakati huo huo Ida aliingia uani kutoka bondeni. Debe lilikuwa likimwagika kidogo kidogo usoni kwake. Alilitua polepole bila kumtazama mtu. Kisha akayapangusa matone usoni kwa kiganja, akajipaka shingoni ili yasipotee bure.

Cuthbert alikitupa kisingizio chake.

"Aliniambia," alisema.

"Alikwambia nini?" aliuliza Cecil.

"Aliniambia niumwagie ukuta maji asubuhi na jioni, wiki nzima, na niufunike. Sikumwaga hata kata moja. Simenti ilikuwa nzima. Fundi hakuiba kitu. Malori hayakutikisa, wala hakuna mwenye jicho baya hapa kijijini, nawaomba radhi wote niliowatazamisha vibaya. Ni mimi."

Kuku alipita katikati ya baraza na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini?" aliuliza Cecil.

"Kwanza niliona ni hasara, maji ya bondeni kuyamwaga juu ya mawe. Huo ni ujinga, mngenisamehe. Baadaye niliona haya. Mimi ni mkwe hapa, nimehamia kwenu. Nilijitapa mbele yenu kwamba nitajenga tangi, na nikaliua kwa mkono wangu. Nikaona afadhali aliyeliua awe mtu mwingine."

Alingoja kufukuzwa. Badala yake alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua debe baada ya mlima. Mabel alikuwa akimtazama kutoka mlangoni kwa namna ambayo hakuiona siku nyingi.

Aliyecheka kwanza ni Mama Basil.

"Sasa tunaweza kulitengeneza," alisema. "Simenti ikiwa mbovu, sisi tutaifanya nini? Jicho baya tutalitoa wapi? Lakini mtu mvivu wa kumwaga maji tunaye hapa hapa, amekaa."

"Ni kweli," alisema Shamte, na utani ukaanza kumrudia. "Baba Ida, ungenunua simenti mpya kabisa. Ungeleta fundi mwingine kutoka Mombasa. Na tangi lingepasuka vile vile, kwa sababu mwenye tangi ni yule yule."

Cecil peke yake hakucheka. Alishuka tangini na Fundi, wakagongagonga mawe. Mawe yalikuwa mazima, kilichoharibika ni lipu tu. Cecil aliyekuwa na simenti ya nyumba yake mwenyewe aliagiza iletwe.

"Shule haijafunguliwa," alisema. "Neno langu ni lile lile. Likishika, atakwenda."

Ida aliposikia hayo aliruka kutoka pale alipokuwa, akamkumbatia Mama Basil, maana mjomba hakumbatiwi ovyo.

Sasa ikawa mbio. Krismasi ilikuwa inakaribia, na mawingu yalikuwa yakikusanyika kila mchana. Walibomoa lipu yote mbovu kwa patasi. Waliyaosha mawe mpaka yakawa safi, wakayalowesha, maana mawe makavu huifyonza lipu maji yake. Shamte alipiga lipu mpya kwa tabaka nyembamba, moja baada ya moja, na juu yake akapiga niru, uji mzito wa simenti tupu, ili maji yasipenye. Mwishowe waliezeka kibanda cha nyasi juu ya tangi zima, jua lisiingie na mvua isiigonge lipu mbichi.

"Nani atamwaga maji?" aliuliza Shamte.

"Mimi," alisema Cuthbert. "Na ninayafuata mwenyewe."

Mwanamume kuteka maji bondeni lilikuwa jambo la kutazamwa. Cuthbert alikata mti, akaning'iniza debe huku na debe huku, akauweka mzega begani, akashuka na Ida kabla jua halijachomoza. Wanawake njiani walifurahi mno.

"Baba Ida, umeolewa lini?" mmoja alimwuliza.

"Muulize mume wangu, ndiye huyo ukuta," alijibu. "Ana kiu, hataki kusikia mengine."

Walicheka mpaka bondeni. Lakini wakati wa kupanda Cuthbert hakuwa na pumzi ya utani. Mti ulimkata bega. Mchanga mwekundu ulimrudisha nyuma kila alipokanyaga. Alimtazama Ida mbele yake akipanda kimya kimya, shingo imenyooka, na akakumbuka alfajiri zote alizojigeuza upande wa pili. Alifika juu akaketi chini.

"Kila siku?" alimwuliza.

"Kila siku, baba."

Cuthbert aliinuka, akaenda kuunywesha ukuta, na hakubakiza.

Mama Basil alikuja kila jioni kuupima kwa kiganja, kama mtu anavyompima mtoto homa. "Hapa pana kiu," alisema, na Cuthbert alikimbia na kata. Ukuta uliacha kuwa mweupe. Ukawa wa kijivujivu, mzito, wenye baridi, na ulipogongwa ulijibu kama jiwe.

Katikati ya wiki ile mvua kubwa ikaja. Mfereji ulikuwa umegeuzwa upande wa pili, mbali na tangi. Cuthbert alisimama barazani akiyatazama maji mazuri, maji mengi, yakimwagika uani na kuzama mchangani. Mikono ilimwasha. Ilitosha kugeuza kipande kimoja tu cha bati.

"Fundi," alisema, "lipu sasa ni ngumu. Tena mvua ni ya Mungu, hatujui kama itakuja nyingine. Tena—"

Akanyamaza. Aliisikia sauti yake mwenyewe, akaitambua.

"Endelea," alisema Shamte, mikono nyuma. "Ilikuwa inaanza kuwa nzuri."

"Sigeuzi," alisema Cuthbert. "Haijashiba, haijashiba. Lakini haya maji ya mferejini yanaweza kuinywesha. Ida, leta madebe. Mama Basil, tuazime vyungu."

Kijiji kizima kilitoka mvuani. Vyungu, madebe, sufuria, ndoo, hata beseni la kanisa, vyote vilipangwa chini ya bati. Watu walipokezana wakicheka na kuteleza, wakijaza na kubadilisha. Cecil mzee wa kanisa alionekana amevua viatu, amekumbatia chungu kikubwa, maji yanamtiririka masikioni. Siku zilizobaki ukuta ulikunywa maji ya mvua, na Cuthbert hakuacha hata asubuhi moja.

Wiki ilipotimia Shamte alipapasa ukuta kila mahali, akakiondoa kibanda cha nyasi, akaugeuza mfereji.

"Maji ya kwanza ya mvua yaacheni yapite, yanaosha bati," alisema. "Yanayofuata ndiyo yaingie. Tangi liwe na kifuniko, mbu wasizae na mtoto asitumbukie. Na maji ya kunywa yachemsheni."

Mvua iliyofuata ilinyesha mchana kutwa. Maji yalipanda kiunoni, yakafika kifuani. Ilipokatika, Cecil mwenyewe alishuka kwenye ngazi akachora ukutani mstari wa mkaa, pale pale maji yalipoishia. Kisha wakafunika, kila mtu akaenda kwake, na hakuna aliyekuwa na hamu ya chakula.

Alfajiri Cuthbert alifika tangini akawakuta Ida, Mabel, Mama Basil, Shamte na Cecil wamekwisha kufika. Hakuna aliyethubutu kufunua. Mabel, aliyechoka kusimama na tumbo lake, ndiye aliyesema, "Jamani, mnangoja nijifungulie hapa?" Cuthbert akafunua.

Maji yalikuwa yametulia kimya, na yaliugusa mstari wa mkaa.

Mabel alipiga kigelegele mpaka jogoo akanyamaza. Cecil aliinama akatazama, akazunguka upande wa pili akatazama tena. Kisha akamgeukia Ida.

"Kafungashe," alisema.

Krismasi ile Mabel alijifungua mtoto wa kiume salama, na maji ya kumwogesha yalitoka tangini, hatua chache tu. Baada ya sikukuu Shamte alikwenda Kitangari kujenga, na Cuthbert alifuatana naye kwa hiari yake. Aliwakusanya wenyeji akawaambia: huyu ni fundi mzuri, na aliyeliua tangi la kwanza ni mimi, sikilizeni nilivyoliua. Aliwasimulia yote, malori, jicho baya, simenti ya zamani, na watu walicheka hadi machozi. Halafu aliwaonyesha jinsi ya kuunywesha ukuta. Cecil naye alichimba tangi lake kabla masika hayajaisha.

Asubuhi ya safari ya Ida, shule ilipokaribia kufunguliwa, lori la kwenda Masasi lilikuwa likingojwa barabarani. Sanduku la Ida lilikuwa limefungwa. Cuthbert alikuwa amesimama uani aliposikia maji nyuma ya uzio wa kuogea. Yalimwagika sana, yakanyamaza, yakamwagika tena. Chini ya uzio kijito chembamba kilitoka kikaingia mchangani.

Ida alisikia hatua za baba yake, akashtuka. Kata ikagonga ndoo, na maji yakakoma.

"Baba? Ni ndoo moja tu, baba. Nimemaliza."

Cuthbert alikitazama kile kijito kikizama. Bega lake lilikuwa bado na alama ya mzega.

"Mwaga tu, mwanangu," alisema. "Mwaga."